Kofia ya Shangazi Saturnina

Lenzi niliinunua Oruro, gulioni, siku ya Alhamisi.
Milimita ishirini na nne, kioo hakina mkwaruzo,
ila haikuwa na kofia.
Muuzaji akapekua sanduku la viatu,
akaibuka na bomba la plastiki nyeusi, refu kama bilauri:
"Hii itaingia."
Ikaingia. Ikalia tak.
Nikauamini mlio.

Sikujua bado kwamba kuingia si kufaa.

Huku Colchani mwanga hauna adabu.
Chumvi nyeupe mpaka macho yachoke,
na mvua zikija maji hutanda juu yake, unene wa kidole,
basi majua huwa mawili, moja utosini, moja miguuni,
na yote mawili yanakutia kiwi.
Watu hutembea na kiganja kwenye paji la uso;
mgeni hudhani anapigiwa saluti.
Lenzi haina kiganja.
Mwanga wa ubavuni ukiigusa, picha hupauka
kama shati lililosahaulika kambani,
na vijiduara vya rangi hupanga foleni
juu ya pua ya bwana harusi.

Kwa hiyo nilikwenda na bomba langu, kifua mbele,
kwa Fermín Colque mkata chumvi,
mama yake alipotimiza miaka themanini.
Watu kumi na tisa, mstari mmoja.
Shangazi Saturnina mwisho kabisa, kushoto,
mahali anapowekwa siku zote.

Usiku nikaifungua picha.
Pembe nne nyeusi, kama nimechungulia kwenye mtaro.
Moja imemeza wingu. Moja imemeza mbwa.
Moja imemeza chumvi, ambayo haitaisha.
Ya nne imemeza Saturnina:
amebaki bega, na mkono ulioshika mkoba.

Nguo ya kuazima haisitiri;
yangu ilisitiri kupita kiasi.

Fermín akaitazama muda mrefu.
"Mbona nzuri," akasema. "Wote wapo."

Wote wapo.

Nikaanza kujifunza upya, kwa aibu.
Lenzi inayokodolea kitu kimoja cha mbali
ivae bomba, hata refu, haipotezi kitu.
Lenzi inayokumbatia umati
ivae kofia fupi, ya petali,
ndefu juu na chini, iliyokatwa kwenye pembe,
nawe uizungushe mpaka ikae sawasawa,
ama sivyo petali zitakula watu.
Niliiagiza La Paz kwa malipo ya harusi mbili.
Nikamwomba Fermín awapange tena.

Siku hiyo upepo ulilipiga teke tripodi.
Kamera ikaanguka kifudifudi kwenye chumvi.
Petali zikavunjika vipande vitatu; kioo kikapona.
Hiyo pia ni kazi ya kofia, ila hakuna aliyenipongeza.
Jua lilikuwa limeshuka, linaniingia moja kwa moja.
Bibi alikuwa anatetemeka kwa baridi.

Saturnina akatoka kwenye mstari.
Akaivua kofia yake, ile ya sufi, nyeusi, ya duara,
inayokaa vichwani mwa mabibi wa huku kama imesahauliwa pale,
akasimama kushoto kwangu, akanyoosha mkono,
kivuli kikatua juu ya kioo, barabara.
"Piga."
Shangazi, na wewe je?
"Piga wewe, jua halikungoji."

Picha ile ni safi. Nyeusi ni nyeusi.
Meno mawili ya bibi yanahesabika.
Watu kumi na wanane.
Na juu, kwenye pembe ya kushoto,
ukingo wa kofia, upana wa ukucha.

Fermín aliniomba nikikate hicho kidoa.
Yake nilikikata, ni mteja.

Yangu ipo ukutani, juu ya meza ya kazi.
Siku hizi, kabla sijabonyeza,
nazipitia pembe zote nne,
halafu ndipo natazama nyuso za katikati.